Bonaire au Curaçao? Wasomaji wauliza kuhusu kupiga mbizi Karibi

SWALI

Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na sasa ninaishi na kufanya kazi Utrecht, Uholanzi. Nilijifunza kupiga mbizi Nungwi, nikapata cheti cha kwanza kinachoniruhusu kushuka hadi mita 18, na hadi leo nimeshuka mara 34, zote nikiwa nyuma ya kiongozi. Februari ijayo mimi na mume wangu tutakuwa na likizo ya siku kumi, nasi tumekusudia kwenda Karibi. Mume wangu hapigi mbizi, lakini ni muogeleaji mzuri na hupenda kutazama samaki kwa mrija. Kutoka Amsterdam kuna ndege za moja kwa moja za kwenda Bonaire na za kwenda Curaçao. Wenzangu kazini wamegawanyika: hawa wanasema mpiga mbizi asiyefika Bonaire bado hajapiga mbizi, na wale wanasema Bonaire hakuna kitu nje ya maji, na kwamba matumbawe ya Curaçao ni yale yale. Tuchague kipi, au tugawe siku tano kwa tano?

Msomaji wenu, Utrecht

JIBU

Dada yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu jibu nililokuwa nalo tayari baada ya sentensi tatu za mwanzo lilibadilika nilipofika kwa mume wako. Nimepiga mbizi katika visiwa vyote viwili, na nikiulizwa kwa jumla tu, jina linalonitoka kinywani kwanza ni Bonaire. Wewe nakushauri uende Curaçao, na sababu yake nitaieleza kwa kirefu, kwani inaweza kuwafaa wengine wanaopima visiwa hivi viwili.

Ubishi wa wenzako juu ya matumbawe hauna uzito mkubwa. Visiwa hivi vimetengana kwa kilomita 50 hivi, vyote viko karibu na pwani ya Venezuela, vinapigwa na upepo mmoja, na maji yake ni ya nyuzi joto 26 hadi 29 mwaka mzima. Pono, chewa, kasa na mikunga utakaowaona huku utawaona na kule. Kinachovitofautisha ni namna mtu anavyoingia majini, anaingia na nani, na nani anayeamua saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Sisi tuliolelewa katika pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kwamba bahari ndiyo inayopanga ratiba. Wakati wa bamvua, maji yetu hupwa na kujaa kwa tofauti inayokaribia mita nne, nahodha huangalia kalenda ya mwezi kabla hajaangalia saa, na kusi au kaskazi ndiyo huamua boti iende upande gani. Ndiyo maana wewe, kama wengi waliojifunza Nungwi, umezoea kupandishwa botini, kupelekwa, kuongozwa na kurudishwa. Bonaire mambo si hivyo. Kupwa na kujaa kwake hakufiki nusu mita. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu siku zote, kwa hiyo upande wa magharibi, uliokingwa na kisiwa chenyewe, hutulia kama maji ya bwawa. Mwamba wa matumbawe huanza hatua chache kutoka ufukweni, mahali pengi mita 30 au 50 tu za kuogelea, kisha huteremka kuanzia kina cha mita kumi hivi hadi 30 na zaidi. Mtu anaweza kuuendea kwa miguu, na watu wa Bonaire wamejenga utalii wao wote juu ya jambo hilo.

Utaratibu wake ni huu. Unakodi pikapu, unapita kituo cha kupigia mbizi asubuhi na kupakia mitungi ya hewa, kisha unaifuata barabara ya pwani ukiangalia mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, kila jiwe likiwa limeandikwa jina la mahali pake. Maeneo yenye majina yanazidi 80 ukihesabu na yale ya Klein Bonaire, kisiwa kidogo kisicho na wakazi kilichoko mbele ya mji wa Kralendijk. Unaegesha popote moyo unapopenda. Hakuna anayekuuliza utarudi lini.

Nakumbuka vizuri asubuhi yangu ya kwanza huko, upande wa kusini, kwenye barabara ya mashamba ya chumvi. Nilivaa jaketi na mtungi nikiwa nimeketi nyuma ya gari, nikateremka ufukweni nikidhani nitakanyaga mchanga, kumbe ufuko wote ulikuwa vipande vya matumbawe yaliyokufa, vyeupe, vyembamba kama vidole, vinavyolia chini ya kiatu kama vigae vya chungu. Mwenzangu alinishika mkono, nami nikamshika wake, tukaenda kwa kuburuta nyayo hadi maji yakatufika kiunoni, ndipo kila mmoja akamwegemea mwenzake kuvaa mapezi ya miguuni. Tulivuka uwanda wa mchanga uliojaa mikunga wembamba kama majani ya mchaichai, waliosimama wima na kuzama mashimoni mmoja baada ya mwingine kadiri tulivyowakaribia, na mara mwamba ukafunguka chini yetu. Tulikaa dakika 61, na mle majini hatukumwona binadamu mwingine.

Sasa rudi kwenye masimulizi hayo, dada, uhesabu ni mara ngapi nimetaja mwenzangu. Yeye ndiye aliyenishika mkono nisianguke, ndiye aliyekagua mtungi wangu, na ndiye ambaye, kama hewa yangu ingekwisha, angenipa kipumulio chake cha akiba. Uhuru wa Bonaire ni uhuru wa watu wawili. Mume wako hapigi mbizi, na wewe mara zote 34 umekuwa nyuma ya kiongozi. Ukienda Bonaire itakubidi umkodi kiongozi kila siku au uombe kuunganishwa na wageni usiowajua, na hapo utakuwa umelikosa lile hasa ambalo watu hulifuata katika kisiwa hicho. Mume wako naye ataketi juu ya vipande vya matumbawe, pasipo kivuli, akilinda pikapu. Neno la kulinda nimelitumia kwa makusudi: wezi huyapitia magari yaliyoegeshwa, na ushauri wa wenyeji ni kuacha vioo wazi na kutoacha kitu chochote ndani. Mimi nilifunga vioo siku moja, nikatoka majini na kukuta kimoja kimevunjwa kwa ajili ya begi lililokuwa na taulo mbili.

Curaçao ni kisiwa kikubwa zaidi, kilomita za mraba 444 kwa 288 za Bonaire, na upigaji mbizi wake umejengwa kuzunguka fukwe zenye huduma. Mahali pengi unalipa kiingilio kidogo, unakuta kivuli, viti, mabafu na chakula, na pembeni kipo kituo cha kupigia mbizi chenye viongozi. Kwa wanandoa ambao mmoja anashuka na mwingine anabaki juu, mpango huo hauna mfano.

Anzeni na meli ndogo iliyozama karibu na Caracasbaai, ya aina inayovuta meli nyingine, ambayo wote huiita Tugboat. Imekaa kwenye kina cha mita tano hivi, imefunikwa na matumbawe na sifongo, na jua huifikia barabara. Wewe utaizunguka chini, mume wako ataitazama kutoka juu kwa mrija wake, na jioni mtakuwa na mazungumzo ya kitu kimoja mlichokiona pamoja. Kisha nendeni Porto Mari, upande wa magharibi, ambako kuna miamba miwili iliyotenganishwa na bonde la mchanga. Mwamba wa kwanza unatosha kabisa kwa cheti chako. Siku moja panda boti peke yako uende Mushroom Forest, ambako matumbawe makubwa yameliwa chini na wanyama wadogo watobozi hadi yakafanana na uyoga, kwenye kina cha mita 15 hivi. Merikebu ya Superior Producer, iliyozama mwaka 1977 nje kidogo ya bandari ya Willemstad, iache kwanza. Ipo kwenye mita 30, nawe huna ruhusa ya kufika huko, na kiongozi atakayekuambia kwamba cheti si kitu, mkatae.

Nje ya maji pia mna mengi ya kufanya. Katikati ya mji wa Willemstad pamekuwa urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1997, na daraja lake la miguu la mwaka 1888, linaloelea juu ya maboya, hujisogeza pembeni zima zima meli inapotaka kupita. Mkifika ufuko wa Kenepa, msiishie kwenye maji ya buluu. Jumba la shamba lililoko juu yake ndipo Tula na wenzake waliokuwa watumwa walipoanzisha uasi wao tarehe 17 Agosti 1795, wakidai uhuru ambao Waholanzi walikuja kuutoa kwa sheria mwaka 1863, miaka 68 baadaye. Mtu aliyekulia pwani ya Tanga, karibu na Pangani, ataielewa historia hiyo bila kufasiriwa.

Ninyi mnakwenda Februari, mwezi ambao mara nyingi huwa wa kanivali, kwani maandamano makubwa hufanyika Jumapili inayotangulia Jumatano ya Majivu. Barabara za Willemstad hufungwa na vyumba huisha mapema. Pangeni nyumba upande wa magharibi na mwingie mjini siku mnayotaka wenyewe.

Kuhusu kugawa tano kwa tano, nakushauri usifanye hivyo. Kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ndege huchukua chini ya nusu saa, na watu hudhani safari fupi namna hiyo haina athari, lakini mwili haujali urefu wa safari. Naitrojeni iliyojikusanya katika damu na misuli inahitaji muda wa kutoka polepole, na hewa ya ndani ya ndege inapopungua mgandamizo inaweza kuigeuza mapovu mwilini. Aliyepiga mbizi kwa siku kadhaa mfululizo hushauriwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mimi hukaa 24. Toa siku hiyo, toa na nyingine kama hiyo kabla ya kurudi Amsterdam, toa nusu siku mbili za kufunga na kufungua mizigo, na siku zenu kumi zitakuwa zimebaki saba. Ongeza gharama: Bonaire hutoza mgeni dola 75 za kuingia na dola 40 za hifadhi ya bahari, ambazo hudumu hadi mwisho wa mwaka wa kalenda. Hizo dola 40 mimi huzilipa kwa moyo mweupe. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1979, inakizunguka kisiwa kizima hadi kina cha mita 60, inakataza kutia nanga na kuvaa glavu, na inamtaka kila mgeni ashuke kwanza mara moja mahali pepesi akague uzito na vifaa vyake. Lakini si busara kuzilipa kwa siku tatu.

Liko jambo jingine linalonifanya nisipende wapiga mbizi warukeruke kati ya visiwa, nalo linaniumiza. Kuna ugonjwa, unaohofiwa kubebwa na vifaa vya wapiga mbizi, unaovua nyama ya matumbawe magumu hadi unabaki mfupa mweupe mtupu. Ulionekana mara ya kwanza Florida mwaka 2014, ukaenea Karibi, na mwaka 2023 ukafika Bonaire na Curaçao. Tumbawe la umbo la ubongo lililokua kwa mamia ya miaka linaweza kufa katika majuma machache. Mwaka huo huo joto la bahari lilipanda na matumbawe mengi yakapauka. Kwa hiyo usiende ukitarajia picha za vitabu vya miaka ya tisini. Samaki bado ni wengi na mwamba bado una uhai mwingi, ila utaona na maiti, na ni haki yako kuambiwa kabla hujalipa. Vifaa vyako vilivyotoka kwenye maji mengine, hata vya Nungwi, viloweke kwenye dawa watakayokupa kituoni, kisha uvisuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Usiguse kitu mle majini.

Utakutana pia na mwenyeji wa kwetu: yule samaki aitwaye lionfish kwa Kiingereza, wa michirizi myekundu na meupe, mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, ambaye kwetu anaishi kwenye miamba bila kumsumbua mtu. Si wa Karibi. Aliingizwa huko na binadamu, Bonaire akaonekana mwaka 2009, na kwa kuwa samaki wa huko hawakumzoea, huwameza wadogo zao kwa urahisi. Ukimkuta amewekwa kwenye orodha ya chakula cha mgahawa, mwagize. Miiba ikishaondolewa, nyama yake ni nyeupe na tamu.

Kwa hati za safari, kumbuka kwamba visiwa hivi viko ndani ya Ufalme wa Uholanzi lakini haviko katika eneo la Schengen. Mkiwa na pasipoti za Tanzania, bebeni kibali cha ukaazi chenyewe, si nakala, na mjaze mapema kwenye intaneti kadi ya uhamiaji ambayo Curaçao humtaka kila mgeni aijaze. Papiamentu ndiyo lugha ya nyumbani huko. Ukisema "bon dia" asubuhi na "danki" ukihudumiwa, utaona nyuso zinavyokunjuka.

Na Bonaire je? Nenda siku utakayokuwa na mwenzako wa kushuka naye. Mume wako akipata cheti, kama utamshawishi ajifunze hapo hapo Curaçao kwenye maji yale matulivu, basi mwaka wa pili kodini pikapu, nami nitafurahi kupata barua yenu.

SWALI

Bwana Mhariri, mimi na mdogo wangu tunaishi Toronto na asili yetu ni Mombasa. Wote wawili tuna vyeti vya kufika mita 30, na tunachokipenda zaidi ni merikebu zilizozama. Tumeambiwa Aruba, kisiwa kilicho jirani na Curaçao, ndiyo yenye nyingi, lakini kila anayeisifu anaisifu kwa fukwe na mahoteli. Je, Aruba inafaa au twende Bonaire?

Ndugu wawili, Toronto

JIBU

Ndugu zangu, ninyi ni wawili na mna vyeti, kwa hiyo mlango wa Bonaire uko wazi kwenu. Lakini mmeuliza merikebu, na kwa merikebu peke yake Aruba inashinda.

Kubwa kuliko zote ni Antilla, meli ya mizigo ya Kijerumani yenye urefu wa mita 120 hivi. Ilikuwa imejibanza pwani ya Aruba vita vilipoanza, na tarehe 10 Mei 1940, Ujerumani ilipoivamia Uholanzi na wakuu wa kisiwa wakaitaka ijisalimishe, mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Imelala ubavu kwenye mita 18, imemeguka sehemu mbili, na kitumbo chake kimejaa sifongo za rangi ya machungwa. Upande huo huo yapo mabaki ya Pedernales, meli ya mafuta iliyopigwa kombora na nyambizi ya Kijerumani U-156 tarehe 16 Februari 1942. Kilichobaki pale kwenye mita nane hivi ni sehemu ya katikati tu. Mbele na nyuma vilikatwa, vikavutwa hadi Marekani, vikaunganishwa na kuwa meli nyingine fupi iliyorudi baharini. Ukiogelea kati ya mabomba na vyumba vilivyopasuka ukijua kwamba ncha zake mbili zilikwenda kusafiri tena, unalitazama lile chuma kwa jicho jingine.

Bonaire ina moja ninayoipenda kama hizo mbili. Hilma Hooker, yenye mita 72, ilifika mwaka 1984 ikiwa na hitilafu ya injini, na maofisa walipoipekua wakakuta ndani ya ukuta wa bandia zaidi ya tani kumi za bangi. Ilikaa kizuizini ikivuja, hadi tarehe 12 Septemba ikalala ubavu na kuzama kwenye mchanga, kati ya miamba miwili, mita 30 chini. Inafikiwa kwa kuogelea kutoka ufukweni.

Mkiwa na juma moja, ningekaa siku tatu Aruba na zilizobaki Bonaire, nikiiacha siku ya kuhama bila kupiga mbizi kwa sababu niliyomweleza dada wa Utrecht. Maji ya Aruba hayang'ai kama ya Bonaire, hasa upepo ukiwa mkali, kwa hiyo mwombeni nahodha awapeleke Antilla asubuhi mapema, kabla boti za waogeleaji wa mrija hazijafika na kuvuruga mchanga. Ndani ya merikebu yenyewe msiingie bila kiongozi anayeijua, hata pale mlango unapoonekana mpana, kwa kuwa kutu ya miaka zaidi ya 80 imeyala mabati na kila mwaka vipande vipya huanguka.